Mafunzo Yafike Kalenga
Kalenga, karibu na mji wa Iringa, fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani, limehifadhiwa ndani ya kisanduku cha kioo. Lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake.

Katika makumbusho madogo, anayekata tiketi mara nyingi ndiye huyohuyo anayefuta vumbi na kumjibu mwanafunzi anayeuliza kama fuvu ni la kweli. Huyo ndiye anayestahili kusomeshwa kwanza. Lakini wataalamu hukutana mbali: mwaka 2025 Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilikutana Dubai. Nauli na hoteli za huko ni mzigo mzito kwa makumbusho yanayoishi kwa viingilio.

Afrika iliwahi kupata njia nyingine. Mpango wa PREMA, ulioanzishwa mwaka 1986 na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi wa utamaduni, uliwafundisha wafanyakazi wa makumbusho kutunza vitu vyao wenyewe, na matunda yake ni vituo vya mafunzo vya Mombasa na Porto-Novo.

Iringa ina pa kuanzia. Boma la Wajerumani mjini ni makumbusho tangu 2016, na Isimila, yenye zana za mawe za kale, iko kandokando ya barabara ya Mbeya. Siku mbili za mafunzo zingetosha: ya kwanza kujaza rejesta, kila kitu na namba yake, kilikotoka, aliyekitoa na nyufa zake, ya pili kupambana na mchwa na unyevu.

Wafanyakazi wa makumbusho kutoka Mbeya wangepanda basi tu. Halmashauri ziweke nauli hiyo kwenye bajeti, na mwaka unaofuata Mbeya iwe mwenyeji.