Si kila kitu ni "weird" bana

Wasee, tuongee kuhusu hili neno "weird". Juzi niliweka video ya Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa sisi Wadigo. Ukiingia unajifunga kaniki, na hutoki hata na jani moja. Komenti ya kwanza: "Hiyo ni weird." Na aliyeandika ni kijana wa hapa hapa!

Sikiza. Zamani, kwa Waingereza wenyewe, neno hilo lilikuwa la majaaliwa. Shakespeare aliwaita hivyo wale wachawi watatu wa Macbeth, waliomtabiria yatakayompata. Leo limebaki la kumtenga mtu. Mimi niliacha chuo, nikaitwa "weird" mpaka nikaanza kuamini.

Kiswahili kina maneno bana. Kitu kikikushangaza, sema ni ajabu. Hukijui? Sema "ni kigeni kwangu." Hapo angalau umekubali kwamba asiyejua ni wewe.

Lakini kaya iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, iweje iwe ngeni kwa mtoto wa Kinondo? Kabla hujaandika "weird", muulize nyanyako kwanza.