Laptop za Chimala bado zina kazi

Kwenye stesheneri ya kawaida ya Chimala, wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu ya TANZAM, kompyuta haipumziki. Asubuhi dalali wa mchele anataka nakala za leseni ya biashara, mchana kijana aliyeshuka kutoka Matamba anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, jioni kamati ya harusi inataka kadi za mchango. Mashine inayobeba kazi zote hizo mara nyingi ni laptop ya mtumba, HP EliteBook au Dell Latitude iliyotumika ofisini Ulaya kabla ya kufika Kariakoo. Ndani yake mna Windows 10, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10.

Siku hiyo hakuna laptop iliyozimika. Ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokatika ni huduma ya kuziba matundu: kila udhaifu mpya utakaogunduliwa kwenye mfumo huo utabaki wazi, isipokuwa kwa wachache watakaojiandikisha kwenye muda wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi unakwisha Oktoba 2026. Njia ambayo Microsoft yenyewe inaielekeza ni kuhamia Windows 11. Lakini Windows 11 inachagua mashine. Kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. EliteBook 840 G3, inayopendwa sana kwa uimara wake, ni ya kizazi cha 6. Haimo. Nakala halali ya Windows 11 Home huko Marekani inauzwa dola 139, zaidi ya Sh300,000, fedha ambayo kwa wengi inakaribia bei ya laptop yenyewe ya mtumba.

Kwa hiyo mwenye stesheneri hufanya anachofanya kila mtu: anampelekea fundi laptop ili ampigie window. Fundi anachomeka flashi yake, anasakinisha nakala isiyo na leseni, kisha anaendesha krak ya kuifungua. Hapo pana jambo linalopaswa kusemwa waziwazi. Ili krak ifanye kazi, fundi huizima kwanza antivirus, halafu anaipa programu iliyoandikwa na mtu asiyejulikana ruhusa zote za mashine. Katika mashine hiyo hiyo kesho zitaingizwa namba za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, nywila za Ajira Portal na barua za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuwa ikitumika nchini Tanzania tangu Mei 2023, na anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, awe na ofisi ya ghorofa kumi au meza moja na printa.

Madhara ya matundu yasiyozibwa yameshaonekana. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kupitia udhaifu wa Windows ambao dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Waliopigwa walikuwa wale ambao mashine zao hazikupokea dawa. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000. Hao walikuwa na idara nzima za kompyuta.

Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaotumika badala ya Windows, inafaa kufikiriwa hapa, na hoja yenyewe ni ya maisha ya kila siku. Linux Mint, toleo ambalo aliyezoea Windows hulielewa haraka, inaridhika na RAM ya GB 4 na haidai leseni. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litatunzwa hadi mwaka 2029. EliteBook iliyokataliwa na Windows 11 inapata hivyo miaka mingine ya kazi, tena bila krak.

Itazamwe kazi yenyewe ya stesheneri. HESLB, Ajira Portal, TAUSI ya leseni za biashara, NeST ya zabuni, matokeo ya NECTA: vyote hivyo hufunguliwa kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux haina tofauti na ya Windows. Barua na wasifu huandikwa kwenye LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Kisha kuna ile kero ya flashi. Mwanafunzi analeta ripoti yake, flashi inafunguliwa, mafolda yote yamegeuka shortcut na kazi ya miezi haionekani. Flashi hiyo ikichomekwa kwenye Linux, mafolda halisi huonekana palepale, kwa sababu kule kufichwa ni alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Na kirusi kilichoyaficha, ambacho kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakipati pa kuanzia. Mafundi wengi wangefurahia mashine moja ya namna hiyo mezani, hata kwa kazi hiyo peke yake.

Lipo pia suala la bando. Mahali ambapo intaneti ya dukani ni hotspot ya simu, masasisho yanayojipakua bila taarifa humaliza GB za wiki kwa saa moja. Mint humwarifu mtumiaji kwamba kuna masasisho, kisha humwachia achague lini ayapakue.

Ni kosa, hata hivyo, kuwaambia watu kwamba kila kitu kitahama. Anayefunga hesabu kwa Tally, au anayetengeneza mabango kwa CorelDRAW na Photoshop, atapata shida, maana programu hizo hazina toleo la Linux. Mbadala wa michoro kwenye Linux, GIMP na Inkscape, ni nzuri, lakini mbunifu aliyezoea CorelDRAW kwa miaka hajifunzi Inkscape kwa siku mbili huku wateja wamepanga foleni. Printa nazo zijaribiwe kwanza. Nyingi za HP hutambuliwa mara moja, ila LaserJet P1102 huhitaji kiambata kinachopakuliwa mtandaoni kabla haijatoa karatasi ya kwanza. Duka lenye kompyuta mbili linaweza kuiacha moja kwenye Windows halali kwa kazi hizo.

Wazo la kutumia programu huria si geni Tanzania. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, lakini haikufika kwenye meza za mafundi wa miji midogo, na fundi ndiye anayeamua kompyuta ya Chimala itaendeshwa na nini. Mahali pengine programu huria zimefanikiwa kimyakimya: takwimu za hospitali na zahanati nchini, za Mbarali zikiwemo, huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Dar es Salaam wameuendeleza.

Kuhusu namna ya kuhama, Ulaya ina mifano miwili inayogongana. Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta karibu 15,000, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa hawakurudi. Wao walianza kwa kubadilisha programu huku Windows ikibaki chini: kwanza OpenOffice na Firefox, watumiaji wakazoea, ndipo kuanzia mwaka 2008 wakaweka Ubuntu, toleo jingine la Linux. Leo wana kompyuta zaidi ya 70,000 za namna hiyo. Mpangilio huo unawezekana Chimala bila gharama yoyote: LibreOffice iwekwe leo kwenye Windows iliyopo, na mfumo wenyewe ubadilishwe baadaye.

Kinachokosekana ni mafundi wenye uzoefu, na hilo lina dawa karibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kila mwaka hupeleka wanafunzi wa kompyuta kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia kufungua barua katika ofisi zisizo na kazi ya kuwapa. Halmashauri ya Mbarali ingewaomba wachache tu, iwapange na mafundi wa Chimala, Igurusi na Rujewa, na kuwapa laptop zilizolala kwenye makabati ya shule za sekondari wazifufue. Vijana watafundisha Linux. Mafundi, wanaozijua hizo mashine kuliko mwalimu yeyote, watawafundisha kubadilisha kibodi na betri.

Jaribio lenyewe halifuti kitu. Mint huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya GB 8, ikaonyesha kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitika, na flashi ikichomolewa Windows inarudi ilivyokuwa. Wakati mzuri wa kujaribu ni masika, fedha ya watu ikiwa bado imelala kwenye majaruba ya bonde la Usangu na wateja ni wachache. Mpunga ukishavunwa na dirisha la HESLB likafunguliwa, hakuna mwenye stesheneri atakayekubali mashine yake iguswe.