Binti wa Mashamba ya Mpunga na Elimu ya Filamu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nimtetee binti wa ndugu yangu, ambaye, tangu alipoanza kuwapiga picha kwa simu watoto wanaowafukuza kwelea kwa kugonga makopo mashambani mwetu Dakawa, na mafundi wakihangaikia pampu zivutazo maji ya Mto Wami, ameazimia kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea filamu, azma ambayo wazee wa ukoo huiita uhuni.

Laiti wangekumbuka kwamba marehemu Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, wala hadhi yake haikupungua! Kadhalika filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021.

Hofu yangu mimi ni ada. Yumkini stashahada ya chuo cha sanaa cha Bagamoyo ingekuwa nafuu, walakini mwenyewe hataki kusikia ila shahada. Tafadhali uchapishe sifa za kujiunga na fani hiyo, kabla mpunga haujauzwa.

Msomaji wako,
Dakawa, Morogoro