Mikono ya yaya haikurogwa

Ndugu zangu, wiki jana nilikuta tena watu wanabishana juu ya msusi mmoja wa hapa Nakivale ambaye vidole vyake vinakufa ganzi usiku. Wengine wanasema eti kuna mtu amemfunga mikono juu anapata wateja wengi. Wengine wanasema ni uvivu tu. Sasa huyo msusi ni dada yangu mkubwa, yaya wangu, kwa hiyo naomba na mimi niseme.

Yaya anaamka saa nane usiku, anakung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji. Ganzi inashika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo hakina shida. Mchawi gani huyo anayekumbuka kuruka kidole kidogo? Vidole hivyo vitatu na nusu vinahudumiwa na neva moja. Inapita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya kijia chembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Humo humo zinapita kano tisa za kukunja vidole. Kitu chochote kikivimba hapo ndani, neva inabanwa. Na usiku tunalala tumekunja mikono, ndiyo inabanwa zaidi. Madaktari wanaiita sindromu ya tuneli ya kapali.

Jirani ananiuliza: kila mtu anasuka, mbona yeye tu? Swali ni zuri, na jibu lipo. Mwili una sehemu yake. Wanawake wanaipata kuliko wanaume. Mimba inaileta, sababu mwili unajaa maji. Kisukari, unene, baridi yabisi, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, kifundo kilichowahi kuvunjika, hata kuzaliwa katika familia yenye tatizo hilo, vyote vinaongeza hatari. Yaya ilimwanza akiwa na mimba ya miezi saba. Alipojifungua ikapungua. Akarudi kwenye kiti chake saluni, na yenyewe ikarudi.

Kwa hiyo msiniambie ni mwili wake tu. Kinachobana neva ile ni nguvu na kurudiarudia vikikutana, kifundo kikiwa kimekunjwa. Kusuka rasta ndiyo hiyo kazi yenyewe: unabana nywele kwa vidole viwili, unavuta, unakunja, asubuhi mpaka jioni, kichwa baada ya kichwa. Wale vijana wanaoponda kokoto kwa nyundo wako humo pia, na wa kuchomelea wanaoshika mashine ya kukata chuma, juu mtetemo nao unaumiza. (Simu tunailaumu haraka sana. Ushahidi dhidi ya kuchapa tu ni dhaifu kuliko ule wa kazi za kushika kwa nguvu.)

Hasira yangu mimi iko kwa wanaotufundisha kazi. Yaya alisoma ususi kwenye mradi mmoja, miezi mitatu. Alipewa vitana, kichwa cha plastiki cha kujifunzia, na cheti chenye mihuri. Juu ya mkono hakuambiwa hata neno moja. Na tangu msaada wa chakula upunguzwe, mkono ndiyo shamba letu. Unamfundishaje mtu kulima bila kumwambia jembe linavunjikaje?

Najua watasema: si apumzike. Msusi analipwa kwa kichwa, ndugu. Akipumzika, watoto wanalala njaa. Lakini kuna vitu vya katikati. Wasusi wawili wanaweza kupokezana, mmoja asuke, mwingine aoshe na kukausha. Usiku kifundo kinaweza kufungwa kwenye kishikizo kilichonyooka, ni kitu rahisi kabisa, na wengi kinawasaidia wakikiwahi. Yaya hakukiwahi. Kituoni alipewa dawa ya maumivu mara mbili, hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani wala ni vidole vipi. Leo ile nyama ya chini ya dole gumba imeanza kunywea, na vifungo vya shati la mtoto tunamfungia sisi. Sasa wanasema ni upasuaji, kuukata ule utepe ili neva ipate nafasi. Safari na malipo yake bado tunahangaika navyo.

Mafunzo mapya ya cherehani na ususi yanaanza mwezi ujao. Mabinti wengi wamejiandikisha, wawili wana mimba. Siku ya kwanza nitakuwepo pale, na nitamuuliza mwalimu mbele ya wote somo la mikono liko siku gani. Yaya amesema atakuja na mimi, awaonyeshe kiganja chake.