Sindano za Kichina Migori na Homa Bay: Tusipige Chuku

Mswahili akimwambia mwenzake "usipige chuku", humtaka asitie chumvi katika maneno yake. Lakini chuku yenyewe ni ile pembe ya kuumikia, ya kutolea damu mwilini mwa mgonjwa. Lugha yetu imeweka tiba na maneno ya kuzidisha ndani ya neno moja. Nadhani wazee walikuwa na sababu, na leo nataka kuitumia hekima hiyo kwa tiba nyingine inayochoma ngozi: akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina.

Huku pwani si jambo geni. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na tangu hapo watu wa Unguja na Pemba wamezizoea sindano hizi. Mombasa nako mabango ya tiba za Kichina yanaonekana. Yanaahidi kuondoa msongo wa mawazo, wasiwasi, kukosa usingizi, kisukari, presha na maumivu ya mgongo, yote katika bango moja. Mwenye fedha huingia, akajaribu, akatoka. Asipopona hupoteza pesa tu.

Lakini ili tuipime tiba hii sawasawa, nawaomba wasomaji tuitoe pwani tuipeleke kule ambako kosa lina gharama kubwa zaidi: Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Huko ndiko maradhi sugu na mzigo wa mawazo vimekutana nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Maana yake, wakati huo Homa Bay karibu mtu mzima mmoja katika kila watano alikuwa akimeza dawa kila siku ya maisha yake, au alipaswa kumeza. Ongeza malaria isiyokatika, samaki waliopungua ziwani, na wachimba dhahabu wa Nyatike wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Mtu wa huko akisema "nina mawazo mengi", si maneno ya kupita.

Sasa tuulize: sindano hizi zingemsaidia nini mtu huyo?

Tiba yenyewe ni nyepesi kueleza. Sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani, huchomwa mahali maalumu mwilini na kuachwa kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Wachina wa kale walisema zinafungua njia za nguvu ya uhai, waiitayo chi. Wanasayansi wa leo husema kuchomwa huamsha neva, na mwili ukatoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Kuhusu maumivu ya kudumu, kuna ushahidi wa kutosha kuheshimiwa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilidumu hata baada ya mwaka mmoja. Lakini wengine walichomwa sindano bandia au mahali pasipohusika, nao pia walipata nafuu, na tofauti kati yao na waliochomwa kikweli ilikuwa ndogo. Kwa hiyo sehemu ya faida inatoka kwenye sindano, na sehemu nyingine inatoka kwenye kulala chini, kutulia, na kuhudumiwa na mtu anayekusikiliza. Uingereza, chombo chao cha miongozo ya tiba, NICE, kiliwaambia madaktari mwaka 2021 kwamba wanaweza kuifikiria akupancha kwa baadhi ya maumivu ya kudumu. Chombo hichohicho kilikuwa kimeikataa kwa maumivu ya kiuno mwaka 2016. Hao ni watu wanaopima, hawapigi chuku.

Kuhusu akili na moyo, ushahidi ni mwembamba zaidi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 ulitazama tafiti 64 za akupancha kwa sonona, zenye washiriki 7,104. Ulikuta dalili za nafuu, lakini ukasema ubora wa tafiti nyingi ni wa chini. Kwa hiyo mtu akikuambia sindano zinatuliza, usimbishie. Akikuambia zinaponya sonona au wasiwasi, muulize amejuaje.

Halafu kuna jambo linaloigusa Homa Bay moja kwa moja. Ni huko ambako shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya umma mwaka 2001. Miaka ile dawa mojawapo iliyotumika sana Afrika ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha, lakini iliwaachia wengi ganzi na nyayo zinazowaka moto usiku, mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iondolewe taratibu. Virusi vyenyewe pia huharibu neva. Ukimtafuta mtu ambaye angekimbilia sindano za Kichina, ni huyu asiyelala kwa miguu kuwaka. Na maumivu ya aina yake yalipimwa: jaribio la Marekani la wagonjwa 250, lililochapishwa mwaka 1998, lilikuta akupancha haikushinda sindano bandia kwa maumivu ya neva yaletwayo na HIV. Hilo nalo halimo kwenye mabango.

Je, tuseme basi tiba hii haina nafasi? Sisemi hivyo. Nchini Uganda, mradi wa Kimarekani uitwao PanAfrican Acupuncture Project umewafundisha wahudumu wa afya wa hukohuko kutumia sindano hizi kwa wagonjwa wa Ukimwi na malaria, pamoja na dawa zao za kawaida. Neno la maana hapo ni "pamoja". Mama anayeumwa mgongo kwa kuanika omena tangu alfajiri, akipata nusu saa ya kulala na kutulizwa katika zahanati ileile anayochukulia dawa zake, hajadhulumiwa na mtu.

Hatari inaanza pale "pamoja" inapogeuka "badala ya". Hatujasahau Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walimiminika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za Tanzania, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Virusi havisubiri. Tena hapa tunazungumzia sindano, katika kaunti zenye maambukizi mengi kuliko karibu zote nchini. Sindano moja ikitumiwa kwa watu wawili, tiba imegeuka maradhi.

Nani basi anamsimamia mwenye sindano? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilisema tiba asili na tiba mbadala zisimamiwe na chombo kitakachoundwa kwa sheria ya bunge. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize chombo hicho kiko wapi. Wenzetu wa Tanzania walipitisha sheria yao ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, wakaunda Baraza. Mtu wa Migori akivuka mpaka pale Isebania akaingia Sirari, ameingia nchi ambayo angalau ina mlango wa kubisha anapodhulumiwa na tabibu.

Jambo hili lina haraka sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za Ukimwi zilizotegemea fedha hizo zikatikisika kote Kenya. Dawa ndizo zilizopigiwa kelele, na ni haki. Lakini ukiangalia vizuri, mtu wa kwanza kuondolewa fedha zikikatika ni mshauri nasaha, yule anayemuuliza mgonjwa analalaje na nyumbani kukoje. Jopo la Dkt. Frank Njenga lilishaiambia serikali mwaka 2020 kwamba afya ya akili nchini ni dharura. Mahali penye dharura na pasipo mshauri, muuza miujiza hujipatia soko.

Maoni yangu ni haya. Kaunti zikitaka akupancha, ziiweke ndani ya hospitali na zahanati, ifanywe na muuguzi au tabibu mwenye leseni aliyefunzwa. Sindano iwe mpya kwa kila mgonjwa na itupwe mbele ya macho yake. Bei ibandikwe ukutani. Na mgonjwa asichomwe kabla hajaulizwa dawa zake anazimeza au la. Pia isiwe kisingizio cha kutowaajiri washauri, kwa sababu zile tafiti zenyewe zinatuonyesha kuwa sehemu ya nafuu huletwa na mtu wa kukuhudumia kwa utulivu.

Nasi wa pwani, tunaoumika na tunaochomwa, tuanze na masharti hayohayo mitaani kwetu. Ukiingia kwenye chumba cha sindano, muulize mwenyewe mambo matatu: leseni yako iko wapi, sindano hii umeifungua sasa hivi, na dawa zangu za hospitali niendelee nazo? Akikwambia uziache, chukua viatu vyako uondoke.