Rola Haijafa, Mkanda Umelegea

Haya jamani, leo hifadhidata na PHP zikae kando. Nina neno na wale wanaotangaza kwamba rola za baiskeli zimepitwa na wakati, na kwamba ukiwa na moja mbovu dawa yake ni kuitupa ununue mashine janja yenye Bluetooth. Mimi nasema huo ni uvivu, tena uvivu wa gharama kubwa.

Kwa asiyezijua: rola ni fremu inayolala sakafuni ikiwa na silinda tatu. Mbili ziko nyuma, na gurudumu la nyuma hukaa katikati yazo. Ya tatu iko mbele, chini ya gurudumu la mbele. Mkanda huunganisha silinda ya kati na ya mbele, ili ukikanyaga pedali magurudumu yote mawili yazunguke. Hakuna kinachokushika. Unajisawazisha mwenyewe kama uko barabarani. Mimi hupanda yangu hasa mwezi wa Aprili, mvua ya masika inapogeuza barabara za Nairobi kuwa mito na matatu zinapokufuata hadi pembeni.

Niliinunua ikiwa imetumika. Wiki ya kwanza nilianguka mara nne sebuleni, na mara moja nikaenda na meza ya chai. Usukani uliyumba, gurudumu la mbele likawa linakwama-kwama, na kelele zilikuwa za kinu. Mama wa ghorofa ya chini alipanda mara mbili kuuliza kama nasaga mahindi. Nikaipeleka kwa duka moja mjini. Kijana wa pale hakuigusa hata kwa kidole. "Hii imeisha, boss. Chukua ya kisasa." Bei aliyonitajia ilizidi kodi yangu ya nyumba ya miezi mitatu.

Nikarudi nayo nyumbani, nikafanya kile ninachofanya programu inapogoma kazini: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika ulichoona, kisha nenda kwa kingine. Haya ndiyo niliyoyakuta.

1. Kuyumba. Silinda ya mbele ilikuwa imepangwa kwa baiskeli ya mtu mwingine. Fremu nyingi zina matundu ya kuisogeza. Kitovu cha silinda hiyo kinafaa kiwe mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu la mbele, sentimita 1 au 2 hivi. Kikiwa nyuma ya ekseli, baiskeli inataka kukurusha mbele. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka kwenye ekseli, na utaona mwenyewe. Yangu ilikuwa nyuma kwa sentimita 4. Spana moja, dakika 5, kwisha.

2. Gurudumu la mbele kukwama-kwama. Huo ni mkanda. Ukilegea unateleza, silinda ya mbele inapunguza mwendo, na mizani yako inapotea. Mkanda wa mviringo wa poliyurethani unaweza kukatwa kidogo na ncha zake kuunganishwa kwa kuziyeyusha kwenye kisu kilichopashwa moto. Mkanda wa mpira uliopasuka-pasuka badilisha tu. Ukichomoka kila mara, pima umbali kati ya ekseli ya silinda ya kati na ya mbele, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo vikitofautiana, silinda imekaa mshazari. Na usiuvishe mkanda kama umbo la namba nane, silinda ya mbele itazunguka kinyumenyume.

3. Kelele. Toa mkanda, zungusha kila silinda kwa mkono. Ikikwaruza, ni beringi. Namba yake imechapwa pembeni. 608, kwa mfano, ina shimo la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye sketi. 6000 ina shimo la 10 na nje 26. Namba hizi ni zile zile dunia nzima. Muuza spea wa Kirinyaga Road hana haja ya kujua rola ni mnyama gani, mpe namba tu. Kwangu zilikuwa mbovu mbili kati ya sita. Na angalia tairi pia: yenye meno ya matope itanguruma hata rola ikiwa mpya. Weka laini.

4. Kuteleza. Tairi huacha vumbi jeusi la mpira juu ya silinda. Futa kwa kitambaa chenye spiriti. Usipake mafuta hata tone! Ukiona pedali ni nyepesi mno, punguza upepo kidogo. Zikiwa nzito, ongeza, ila usipite namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Gharama yote: beringi mbili, na mkate wa kumwomba mama wa chini radhi.

Sasa hoja yangu. Kila hitilafu hapo juu niliiona kwa macho, nikaipima kwa rula au nikaisikia kwa vidole. Mashine janja ikigoma, utapima nini? Huenda ni programu iliyo ndani yake, huenda ni akaunti yako, huenda ni seva iliyo bara jingine. Spana haifiki huko.

Mtaniambia natia chumvi. Haya, chukueni mfano ambao si wa rola lakini ni wa baiskeli. Julai 2023 kampuni ya VanMoof ya Uholanzi ilifilisika. Baiskeli zake za umeme zilikuwa zikifunguliwa kwa programu ya simu iliyopata ufunguo kutoka kwenye seva za kampuni. Wenye baiskeli wakaingiwa na hofu kwamba seva zikizimwa watabaki na vyuma tu, hadi kampuni shindani, Cowboy ya Ubelgiji, ikatoa programu ya kuwasaidia kuhifadhi funguo zao. Fundi yeyote anaweza kuziba pancha. Ufunguo ulio kwenye seva iliyozimwa hakuna fundi wa kuuziba.

Na anayeandika hizo programu ni nani? Ni sisi. Mimi mwenyewe nimewahi kuambiwa na mteja niweke sharti la kuingia kwa akaunti mahali ambapo halikuhitajika kabisa, na nikaliweka. Kwa hiyo simrushii mtu jiwe nikiwa nimeficha mkono.

Sisemi mashine janja ni takataka. Inashika baiskeli, huanguki, na inaweza kukupa mlima wa kweli. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu au anayejifunza, inafaa. Lakini ukiinunua, uliza maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Je, inazungumza FTMS, kiwango cha wazi cha Bluetooth kwa mashine za mazoezi, ili programu yoyote iweze kuiendesha? Na je, inafanya kazi bila intaneti na bila akaunti ya aliyeitengeneza? Muuzaji akikosa jibu, ujue unakodisha, hununui.

Na kama una rola kuukuu chini ya kitanda, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hujaizungusha kwa mkono. Mbishi na aje, ila aje na rula.