Mzigo wa pufya ni wa mwanamichezo, lakini elimu ifike Migori na Homa Bay mapema

KILA sakata ya pufya inapozuka nchini, macho ya Wakenya huelekezwa Iten na Eldoret, ngome ya wakimbiaji wa masafa marefu. Ni nadra kusikia Migori au Homa Bay zikitajwa. Wengi wameridhika kuamini kwamba dawa za kusisimua misuli ni tatizo la wakimbiaji wa marathoni na mawakala wao.

Imani hiyo ni ya hatari. Kanuni za kimataifa hazibagui mchezo wala eneo. Mchezaji kandanda wa Awendo, mji uliosherehekea Sony Sugar ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka wa 2006, na mwanafunzi wa Agoro Sare kule Oyugis anayetamba katika mpira wa vikapu wanaweza kujikuta chini ya sheria ile ile inayomhusu bingwa wa Olimpiki, mara tu wanapoingia katika mashindano yaliyo chini ya kanuni hizo. Isitoshe, Kenya, Uganda na Tanzania zilitunukiwa Septemba 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Vijana wanaoota kuvaa jezi ya Harambee Stars hawana budi kuijua sheria hii.

Msingi wake ni mmoja. Kanuni za Shirika la Kupambana na Pufya Duniani, WADA, zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, zinamtwika mwanamichezo lawama ya chochote kitakachopatikana mwilini mwake. Anayemshtaki halazimiki kuonyesha kwamba alikusudia kudanganya ndipo kosa lithibitike. Nia huzingatiwa wakati wa kupima adhabu. Aliyekusudia huweza kufungiwa miaka minne, asiyekusudia miwili, na adhabu hupungua zaidi kwa anayethibitisha jinsi dawa ilivyomwingia na kwamba uzembe wake ulikuwa mdogo.

Kisa cha Ferdinand Omanyala ni funzo tosha. Mwaka wa 2017, kabla hajawa maarufu, alipatikana na betamethasone, dawa aliyodungwa alipokuwa akitibiwa maumivu ya mgongo. Alifungiwa miezi 14. Alirejea, na Septemba 2021 akatimka mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi na kuweka rekodi ya Afrika. Ni wangapi, hata hivyo, ambao wangezimwa miezi 14 wakiwa hawana jina wala mfadhili, kisha wapate nguvu ya kurudi uwanjani?

Mwenzake katika mbio hizo, Mark Otieno, alisimamishwa siku ya mchujo wa mita 100 katika Olimpiki za Tokyo, Julai 2021, baada ya sampuli yake kupatikana na methasterone. Wote wawili ni wakimbiaji wa masafa mafupi, si wa marathoni.

Tukirejea ukanda wa Ziwa Victoria, mazingira yenyewe yana mitego. Malaria ni ugonjwa wa kila msimu, na si ajabu mgonjwa kutundikiwa dripu katika kliniki ya karibu. Dawa za malaria zinazotumika sana si haramu michezoni. Dripu yenyewe ndiyo yenye utata: maji yanayozidi mililita 100 katika muda wa saa 12 hayaruhusiwi, isipokuwa mwanamichezo anapotibiwa hospitalini, anapofanyiwa upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Anayetundikiwa kwenye kliniki ya mtaani ili apate nguvu kabla ya mechi anajiingiza matatani.

Vivyo hivyo, baadhi ya dawa za mafua zina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango fulani siku ya mashindano ni kosa. Bangi imo katika orodha ya marufuku ya siku hiyo, na miraa pia ina kemikali inayodhibitiwa. Manyasi nayo, dawa za miti shamba zilizotegemewa na wakazi tangu enzi za Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye klabu maarufu ya kandanda ilirithi jina lake, hayana karatasi inayoeleza yaliyomo. Mwanamichezo akiyanywa, anabahatisha.

Wapo wanaodai kwamba sheria hii ni katili. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa maafisa walioketi Uswisi au Canada kumtwisha kijana wa Ndhiwa wajibu wa kusoma majina ya kemikali. Lakini bila ya sheria hiyo, kila mdanganyifu angemsingizia daktari. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, alipatikana na EPO mwaka wa 2017, akajitetea kwa hati za matibabu zilizobainika kuwa za uongo. Adhabu yake iliongezwa kutoka miaka minne hadi minane.

Kwa hivyo, sheria na isalie. Lisilo la haki ni kumhukumu mtu kwa kanuni ambazo hakuna aliyemfundisha. Kijana anapaswa kujua kwamba ni lazima amwarifu daktari na mwuza dawa kuwa yeye ni mwanamichezo, ahifadhi cheti cha dawa, na aombe kibali cha matibabu iwapo hakuna tiba mbadala. Ajue pia haki zake: kuona kitambulisho cha afisa anayempima, kuandamana na mwakilishi wake, na kudai sampuli ya pili ipimwe.

Serikali haiwezi kudai haina uwezo. Sheria ya 2016 iliunda shirika la ADAK, na inawabana pia makocha na madaktari. Mwaka huo huo WADA iliitangaza Kenya kuwa imekiuka kanuni, kabla ya kuiondolea lawama hiyo Agosti. Mwishoni mwa 2022, Kenya ilipochungulia marufuku ya riadha ya dunia, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo ni ya elimu, na elimu hiyo haipaswi kukomea kwenye kambi za Bonde la Ufa.

Kaunti nazo zina wajibu. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwao. Magavana wa Migori na Homa Bay wanaweza kuhakikisha kila duka la dawa la hospitali lina orodha ya WADA, ambayo hubadilika kila Januari 1, na kwamba walimu wa michezo wanafunzwa kabla ya mashindano ya shule. Homa Bay ina uwanja wa kisasa uliotumika katika sherehe za Madaraka za 2025. Uwanja usioandamana na elimu utawapeleka vijana wetu kwenye mashindano makubwa wakiwa hawajui kinachowasubiri katika chumba cha kupimwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unazibwa darasani na katika duka la dawa, si mbele ya majaji wa michezo baada ya jina la kijana kuchafuka.